SOMO: VYOMBO VYA KULIA CHAKULA KATIKA SHEREHE ZETU



Miezi ya sherehe yaja. Kuna ubatizo, kuna Kipaimara, kuna arusi, na hapo katikati zipo siku za misiba ambazo hazipangwi na mtu. Kila kamati ikikaa huulizwa maswali yale yale matatu: nani atapika, turubai litatoka wapi, na wageni watakula katika vyombo gani? Swali hili la tatu aghalabu hujibiwa mwishoni mwa mkutano, watu wakiwa wamekwisha simama: "Tununue za kutupa, tumalize." Somo letu la leo lahusu jibu hilo. Twataka tulichunguze polepole, kama tulivyokuwa tukiwafundisha wanachuo wetu katika chuo cha ualimu: kwanza jambo lenyewe, kisha sababu zake, kisha la kufanya.

1. Tuanze na kosa letu wenyewe

Mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha daftari la mwingine. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kamati ya chakula ya sherehe ya Kipaimara. Tulinunua sahani za povu jeupe, glasi laini za plastiki, na vijiko vya plastiki. Sababu zetu hazikuwa mbaya. Akina mama walikuwa wamechoka kuosha vyombo hadi usiku, na sahani za kuazima kila mara zilirudi pungufu. Siku ikapita vizuri. Watu wakala, watoto wakapigwa picha, kila mtu akaenda kwake. Taka tulizikusanya katika viroba na matenga nyuma ya jengo, tukingoja gari la taka. Ulikuwa wakati wa vuli. Usiku ikanyesha mvua kubwa, na asubuhi tukakuta matenga yamelala ubavu, na nusu ya taka haipo.

Siku iliyofuata jirani yetu mmoja, mzee mvuvi, ambaye si mtu wa kanisa letu, alipiga hodi. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu," akatua kapu lake chini. Ndani yake mlikuwa na sahani nyeupe zilizovunjikavunjika na glasi kadhaa, na katika glasi moja alikuwamo kaa mdogo. Akasema, "Hizi zimeingia katika wavu wangu alfajiri. Nilisikia mlikuwa na shughuli. Sikuja kugomba, Mwalimu. Nimekuja kuuliza tu kama bado mnazihitaji."

Hatukuwa na jibu. Tulilipokea kapu, tukamshukuru, tukakaa kimya. Yeye anategemea bahari kwa chakula cha watoto wake, na sisi tulikuwa tumemtilia taka katika sahani yake. Ndiyo maana twaandika somo hili.

2. Mahali tunapoishi

Kunduchi yetu ni mahali pazuri pa kujifunzia habari ya vyombo. Wengi wetu tumepata kuwapeleka wanafunzi kwenye magofu. Pale upo msikiti wa kale, na yapo makaburi yenye nguzo. Katika nguzo hizo wazee wa zamani walipachika mabakuli ya kaure yaliyosafiri baharini kutoka China. Mengine yamekwisha banduliwa, lakini zimebaki alama zake. Tujiulize: kwa nini bakuli la kulia chakula liliwekwa juu ya kaburi? Kwa sababu lilikuwa kitu cha thamani na heshima. Watu wale walipata kitu cha kudumu, nao wakakitumia kwa kudumu. Sisi leo twanunua kitu cha kudumu vilevile, maana plastiki yadumu mno, lakini twakitumia kwa nusu saa.

Tena, mbele yetu kipo kisiwa cha Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo ya bahari yaliyotengwa kuhifadhiwa tangu mwaka 1975, kwa ajili ya matumbawe na mazalio ya samaki. Kila mfereji wa Kunduchi, Mtongani na Tegeta huteremkia upande wa bahari hiyo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisema "nimetupa," ajue kwamba mara nyingi hakutupa. Amekabidhi mvua, nayo mvua hupeleka.

3. Kwa nini kitu huoza, na kwa nini kingine hakiozi

Hili ni somo la sayansi, lakini si gumu. Kuoza ni kuliwa. Jani likianguka, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, pamoja na kuvu, hulitafuna mpaka likawa udongo. Wao wamekula majani na miti tangu zamani, wanajua namna ya kuivunja. Plastiki ni kitu kipya duniani. Imeundwa kwa minyororo mirefu ya kemikali, aghalabu itokanayo na mafuta ya petroli, na viumbe hao hawana meno ya kuivunja. Jua huikausha, nayo hukatikakatika vipande vidogo, na vidogo zaidi, lakini kila kipande ni plastiki bado. Vipande vyenye ukubwa chini ya milimeta 5 wataalamu wamevipa jina lake mahsusi, nao wamevikuta ndani ya samaki, ndani ya chumvi na ndani ya maji ya kunywa.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Na sisi twaweza kuongeza kwamba hata taka za siku hizi haziozi, ila akiba hiyo twawawekea wajukuu bila ya kuwauliza.

Wapo wasemao, "Basi tuzichome." Hapana. Povu na plastiki zikichomwa uani kwa moto mdogo hutoa moshi mweusi wenye masizi na sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto na jirani aliye upande wa upepo. Tena chombo kikiachwa wazi hutega maji ya mvua. Mbu aenezaye homa ya dengi hupenda kuzaa katika maji machache yaliyotuama ndani ya kopo, tairi au kikombe. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Glasi mia mbili zilizotupwa kichakani ni nyumba mia mbili za mbu.

4. Sheria yasemaje

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kwetu Tanzania Bara katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Wengi tulidhani haliwezekani, lakini tulirudi kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa, na maisha yakaendelea. Hata hivyo tuelewe vizuri: katazo la mwaka 2019 lililenga mifuko ya kubebea. Sahani, glasi na vijiko vya sherehe havikuwa katika shabaha yake. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwenda mbele zaidi, na tangu Julai 2021 zimekataza kuuza sahani na vijiko vya plastiki, mirija ya plastiki, na vikombe vya povu. Kenya nayo, tangu tarehe 5 Juni 2020, imekataza vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja visiingizwe katika hifadhi zake za taifa, misitu na fukwe zilizohifadhiwa.

Kwa hiyo anayenunua sahani za plastiki kwa sherehe si mhalifu. Lakini Mkristo hangoji polisi ili atende lililo jema.

5. Tuvitazame vyombo kimoja kimoja

(a) Povu jeupe. Hivi ndivyo vikasha vya chipsi na sahani nyepesi zipeperukazo. Vimetengenezwa kwa plastiki iitwayo polistaireni iliyotiwa hewa. Huvunjika upesi, havifai kuoshwa, na wakusanyaji wa taka hawavitaki kwa kuwa ni vyepesi mno. Kuna jambo jingine. Polistaireni huundwa kwa kemikali iitwayo staireni, ambayo mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Kiasi kitokacho katika sahani ni kidogo, lakini huongezeka chakula kikiwa cha moto na chenye mafuta. Na pilau ni nini kama si chakula cha moto chenye mafuta? Ushauri wetu: povu lisinunuliwe kabisa.

(b) Glasi, vijiko na sahani za plastiki laini. Hazina nguvu ya kutumika mara nyingi, na zikichafuka kwa chakula hakuna anayezinunua kuzitengeneza upya. Ushauri: tusinunue.

(c) Vikombe na sahani za karatasi. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Karatasi tupu hulowa. Ili kikombe kishike chai, hupakwa ndani utando mwembamba wa plastiki. Chukua kikombe hicho, kichane, ukiloweke katika maji usiku kucha, kisha usugue kwa kidole. Utaona karatasi yatoka na utando wabaki mkononi kama ngozi ya kitunguu. Kwa hiyo kikombe cha karatasi si karatasi tupu, bali ni karatasi pamoja na plastiki. Sahani ya karatasi isiyopakwa kitu, ambayo haing'ai, huoza. Hiyo yafaa kwa keki, maandazi na vitumbua, si kwa mchuzi.

(d) Plastiki ya mahindi au miwa. Siku hizi kuna glasi zinazong'aa kama plastiki, nazo husemwa zimetokana na wanga wa mahindi. Ni kweli zimetokana na mimea. Lakini huoza upesi tu katika mitambo maalumu ya mboji yenye joto la kiasi cha nyuzi 60 za Selsiasi. Katika shimo la uani, au baharini, hukaa muda mrefu. Tena nyingi hulegea zikitiwa chai ya moto. Ikiwa mji hauna mtambo huo, chombo hiki hakina faida kubwa kuliko plastiki ya kawaida.

(e) Makapi ya miwa. Muwa ukikamuliwa hubaki nyuzi. Viwanda vyetu vya sukari, kama vile Kilombero na TPC Moshi, huzichoma ili kupata mvuke na umeme. Katika nchi nyingine nyuzi hizo hugandamizwa kuwa sahani. Sahani hizi ni imara, hushika wali wa moto, na huoza katika shimo la mboji. Jambo la kuangalia ni dawa zinazotiwa na baadhi ya viwanda ili mafuta yasipenye. Baadhi ya dawa hizo hazivunjiki katika mazingira wala mwilini. Marekani ilitangaza mwezi Februari 2024 kwamba dawa za jinsi hiyo za kuzuia mafuta zimekoma kuuzwa kule kwa ajili ya makasha ya chakula. Ukinunua, muulize muuzaji kama sahani zake zina dawa hiyo. Asiyejua, mwambie aulize kwa aliyemuuzia.

(f) Jani la mgomba. Ndugu zetu wa Bukoba wametandika chakula juu ya majani ya mgomba tangu enzi na enzi, na Waganda hupikia ndani yake. India hushona majani ya miti kwa vijiti vidogo yakawa sahani. Jani la mgomba hupanguswa, hupitishwa juu ya moto kidogo ili lilainike lisipasuke, kisha hukatwa vipande. Laweza kutandikwa juu ya ungo au sinia. Likimaliza kazi, ng'ombe au mbuzi hula, au huenda shimoni, na baada ya muda si mrefu ni udongo. Huu ndio "mtindo mpya" ambao wengine wetu tuliuacha kwa kuona haya.

(g) Sinia na mkono. Pwani yetu ilikuwa na jibu kabla ya swali. Pilau hupakuliwa katika sinia, watu wanne au watano wakalizunguka, wakanawa kwa birika na beseni, wakala kwa mkono. Sinia moja limechukua nafasi ya sahani tano na vijiko vitano. Chakula hufunikwa kwa kawa la ukili, na mchuzi huchotwa kwa upawa wa kifuu. Asiyependa kula pamoja na wengine apewe sahani yake, hakuna ubaya. Lakini wengi wetu hupenda, ila hatujaulizwa.

(h) Dafu. Kinywaji hiki huja na chombo chake. Kinachotakiwa ni panga tu, wala hakihitaji mrija. Baada ya kunywa, dafu lipasuliwe vipande, kwa maana kifuu kizima hutega maji na mbu hawabagui kati ya plastiki na nazi.

6. Maneno yaliyoandikwa kwenye kasha

Siku hizi kila muuzaji husema bidhaa yake ni "rafiki wa mazingira." Rafiki wa kweli hujulikana kwa maswali. Muulize muuzaji mambo manne. Kwanza, kimetengenezwa kwa nini? Pili, ndani kimepakwa nini? Tatu, kinaozea wapi: shimoni kwangu, au katika mtambo ambao hatuna? Nne, kwa muda gani? Kama jibu ni "hiki kinavunjika chenyewe kwa jua," kiogope. Kuvunjika si kuoza. Plastiki iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjike haraka hugeuka vumbi la plastiki, na Umoja wa Ulaya umeikataza nayo tangu mwaka 2021.

7. Hofu ya maradhi

Tusiwadharau wanaopenda vyombo vya kutupa. Wana hoja yenye nguvu: usafi. Wengi wetu twakumbuka kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia hapa Dar es Salaam kikaenea mikoani. Sahani iliyochovywa tu katika beseni la maji machafu ni hatari kuliko ya povu. Kwa hiyo anayesema "tuoshe" lazima aseme tutaoshaje. Fuateni utaratibu huu:

Kwanza, mabaki yote ya chakula yakwanguliwe katika ndoo yake. Pili, beseni la kwanza liwe la maji ya moto na sabuni. Hapa chombo kisuguliwe. Tatu, beseni la pili liwe la maji safi ya kusuuza. Nne, beseni la tatu liwe la dawa: kwa kila lita 10 za maji tia vijiko 2 vya chakula vya dawa ya klorini ya kufulia iliyoandikwa asilimia 3.5, isiyo na manukato. Chombo kizame humo dakika 2. Tano, kipangwe juu ya kichanja kikauke kwa hewa na jua. Kisifutwe kwa kitambaa kimoja kinachopita sahani zote, maana kitambaa hicho ndicho husambaza maradhi.

Maji yabadilishwe kila baada ya sahani 50. Mabeseni matatu ya lita 20 yakibadilishwa mara 4 kwa sahani 200, jumla ni lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20. Si maji machache katika wiki ya mgawo, lakini kamati ikijua mapema yatapatikana.

8. Nani ataosha?

Mwalimu anayesema "tuoshe" bila kusema nani ataosha, amefundisha nusu ya somo. Tulinunua povu mwaka ule kwa sababu mzigo wa vyombo ulikuwa umewaangukia watu wale wale kila mara: akina mama sita au saba, wenye migongo inayouma, wakati akina baba wakisikiliza hotuba. Tukirudisha sahani za kuosha na kuwarudishia wao mzigo huo, tutakuwa tumeisafisha bahari kwa jasho lao peke yao. Hilo si haki, na halitadumu.

Twapendekeza zamu. Kila sherehe iwe na kikosi cha watu kumi, nusu wanaume, nusu wanawake, vijana na watu wazima. Kikosi kile kiandikwe ubaoni pamoja na wapishi, na kishukuriwe hadharani kama wapishi. Au kama fedha zipo, vijana wa mtaa walipwe. Ni heri shilingi zibaki mkononi mwa kijana wa Kunduchi kuliko kuelea katika maji ya Mbudya.

9. Tufanye hesabu

Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Kila kamati iweke bei za soko lake. Tuseme wageni ni 200. Kila mmoja apewe sahani, glasi na kijiko: hivyo ni vitu 600. Akiongezewa glasi ya pili na kisahani cha keki, vinakuwa 1,000. Vitu elfu moja kwa mchana mmoja.

Sasa fedha. Tuseme sahani, glasi na kijiko vya kutupa kwa mtu mmoja ni shilingi 500. Kwa watu 200 ni shilingi 100,000. Sherehe 6 kwa mwaka ni shilingi 600,000, na kwa miaka 3 ni shilingi 1,800,000.

Tuseme badala yake mtaa unanunua vyombo vyake vya kudumu, seti moja shilingi 5,000. Seti 200 ni shilingi 1,000,000. Sabuni, dawa, maji na malipo ya waoshaji tuseme ni shilingi 40,000 kwa sherehe. Kwa sherehe 18 za miaka 3 ni shilingi 720,000. Seti 20 zikipotea au kuvunjika, ongeza shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 1,820,000. Mwaona kwamba kwa miaka mitatu ya kwanza hatupati faida, twakaribia sawasawa. Lakini mwaka wa nne wa kutupa wadai tena shilingi 600,000, na mwaka wa nne wa kuosha wadai shilingi 240,000 tu. Hapo ndipo faida huanza, nayo haikomi.

Na hiyo shilingi milioni moja ya mwanzo itoke wapi? Gawanya seti 200 kwa jamaa 50: kila jamaa yaleta seti 4. Si lazima zifanane. Haba na haba hujaza kibaba. Vyombo hivyo viandikwe katika daftari, viwe na mtunzaji mmoja mwenye ufunguo, na vihesabiwe kabla na baada ya kila sherehe. Hata majirani wasio wa kanisa letu wakipata shughuli, waweza kuviazima kwa ada ndogo ya sabuni. Mtaa usio na uwezo wa kununua uwaendee wakodishaji wa turubai na viti; wengi wao wana sahani za udongo pia.

10. La kufanya katika sherehe ijayo

Tusijitwike yote kwa siku moja. Twaweza kwenda kwa daraja hizi:

Daraja la kwanza: tuache povu. Hili lawezekana hata kesho.

Daraja la pili: tupunguze. Maji yawekwe katika ndoo yenye bomba au jagi badala ya chupa ndogo kwa kila mtu. Kijiko atolewe anayekiomba. Mirija isiwekwe mezani.

Daraja la tatu: masinia, sahani za kukodi au za mtaa, na vikombe vya kuosha. Wauza kahawa wa vijiweni humhudumia mteja baada ya mteja kwa vikombe vichache vya udongo mwaka mzima. Hatuwezi kushindwa nao.

Daraja la nne: pale ambapo hakuna budi kutupa, kama safari ya vijana ufukweni au msiba wa ghafla, tutumie jani la mgomba, sahani ya makapi ya miwa, au karatasi isiyopakwa kitu. Na taka zote ziondoke siku ile ile, katika chombo chenye kifuniko, kabla ya jua kuchwa. Tusingoje asubuhi, sisi tulingoja, mkaona yaliyotupata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, watu maelfu walilishwa wakiwa wameketi majanini. Walipokwisha shiba, Bwana hakuondoka. Aliwaagiza wanafunzi wakusanye vilivyobaki ili kisipotee kitu, vikajaa vikapu kumi na viwili. Tukumbuke kwamba mabaki yale yalikusanywa na mitume wenyewe. Hawakuachiwa akina mama, wala mvua. Nasi Waanglikana, tangu mwaka 1990, katika Alama Tano za Utume tumekubali kwamba kuulinda uumbaji ni sehemu ya utume wetu. Kazi hiyo yaweza kuanza kwenye beseni la sabuni.

11. Jaribio la nyumbani

Wazazi, fanyeni hili pamoja na watoto. Chimbeni mashimo manne yenye kina cha kiwiko. La kwanza tieni kipande cha jani la mgomba, la pili karatasi ya gazeti, la tatu kikombe cha karatasi cha kununua, la nne kipande cha povu. Fukieni, simamisheni kijiti chenye alama juu ya kila shimo, mmwagie maji kila juma. Baada ya miezi mitatu fukueni. Mtoto aandike alichokiona, wala msimwambie jibu kabla.

12. Maswali ya kujadiliana katika jamaa

1. Katika sherehe yetu ya mwisho, taka zilikwenda wapi? Nani alizifuata kwa macho hadi mwisho?

2. Nani huosha vyombo katika shughuli zetu, na nani hajapata kuosha hata mara moja?

3. Je, jamaa yetu yaweza kutoa seti ngapi za vyombo? Nani ataweka daftari?

4. Jirani asiye wa kanisa letu akiitazama sherehe yetu siku ya pili yake, ataona nini?

Kapu la yule mzee tulilirudisha baada ya siku chache, tukiwa tumelijaza maembe. Alicheka, akasema, "Safari hii mmeleta chombo kirudicho." Tungependa sherehe ijayo naye aje, aketi nasi kwenye sinia.